Meza Isiyo na Msahafu wala Biblia

Wenzangu wa tribunali, mmeniomba niandike niliyoyaona kazini kabla sijaanza kuyasahau. Mmeliweka kwa adabu, lakini nimewaelewa: mnadhani nimeshaanza. Bado. Magoti ndiyo yaliyostaafu, kichwa kipo. Mambo ya vyeo na mishahara nitayaruka, kwa sababu vyote viwili vilinifikia vikiwa vimechoka. Nitawaandikia habari za meza. Ile meza mbele ya hakimu, yenye alama za visu, ambayo kila asubuhi mnaweka simu zenu juu yake, pamoja na iliyoitangulia, ndiyo niliyoilinda miaka yote niliyokuwa karani na mkalimani wenu. Nililinda isiwekwe msahafu, wala Biblia, wala kitu chochote cha kumwombea mtu au kumlaani. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya. Ukalimani ulikuwa kisingizio cha kuwa karibu nayo.

Nilianza nikiwa msichana, nina Kireno cha shuleni, Kiswahili cha nyumbani na Kimakonde cha sokoni. Mahakimu wetu walikuwa wakiletwa kutoka kusini mwa nchi na hawakujua lugha hata moja ya watu waliokuja kuwahukumu, kwa hiyo tribunali ilihitaji mtu wa kusimama katikati. Asubuhi ya kwanza mama alinifungia msahafu katika kitambaa cheupe. Kwa akili yake, mahali pa kuapisha watu hapawezi kukosa msahafu, na kama hawana, basi wataona binti yake kalelewa.

Niliyemkuta ofisini ni Senyori Anselmo, karani mkuu, Mmakua wa bara, Mkristo, shati lake limefungwa vifungo mpaka shingoni hata mwezi wa joto. Alitazama kile kitambaa, akajua kilichomo, wala hakukigusa.

"Urudishe nyumbani, uweke mahali pake pa juu," akaniambia. "Hapa wino humwagika."

"Sasa watu wanaapa kwa nini, senyori?"

"Kwa heshima yao."

"Na asiye nayo?"

"Huyo hata ukimpa vitabu vyote viwili atasema uongo." Akatoa rozari mfukoni, akanionyesha, akairudisha. "Yangu inakaa humu. Mimi nasali. Meza haisali."

Nikadhani mzee ana kiburi. Baadaye nikajua kwamba alikuwa amegombana na mapadre kwa jambo hilohilo kabla yangu, na wala hakuwahi kukosa misa. Nimefanya kazi na wasomi wengi, lakini sijaona mtu aliyejua kuweka kila kitu mahali pake kama yule. Hata kalenda ya ukutani aliichagua. Parokia ilileta yake kila mwaka, yenye picha ya Bikira Maria, na madrasa ikaleta yenye Kaaba. Alizipokea zote kwa mikono miwili, akashukuru, akazipeleka nyumbani kwake. Ofisini akatundika ya duka la simenti, yenye picha ya toroli. Nimekaa na toroli lile hadi nikalipenda.

Msije mkadhani alikuwa adui wa dini. Ijumaa mchana hakupanga kesi. Hakimu mmoja alimuuliza kama serikali nayo inakwenda msikitini. Akajibu kwamba haiendi, lakini inajua mashahidi wako wapi saa hiyo. Jumapili hakumwita mtu hata kwa kosa la kuku. Aliniambia kwamba kumheshimu mtu anayesali ni jambo moja na kusali kwa niaba yake ni lingine, na kwamba karani asiyeweza kutofautisha hayo akauze maandazi.

Yeye ndiye aliyenifunza ukalimani. Usiseme "anasema kwamba," sema "mimi." Shahidi akisema "mimi nilimpiga," nawe unamwambia hakimu kwa Kireno "mimi nilimpiga." Mara ya kwanza niliona aibu. Kwa miaka hiyo nimekiri wizi, nimezini na waume za watu, nimewatukana mashemeji, yote mbele ya umati, kisha nikarudi nyumbani kupika. Lakini ukishazoea kuwa kinywa cha kila mtu, inakuwia vigumu kumdharau yeyote. Hilo ndilo alilolitaka mzee.

Sasa nifike kwa Bakari na Kosme.

Bakari alikuwa mtu wa hapa mjini, wa ukoo wa zamani, mwenye boti mbili zilizokwenda kununua samaki hadi Tungue. Kosme alikuwa fundi wa mashine za boti, kijana wa Kimakonde kutoka nyanda za juu, Mkatoliki, aliyeoa hapa na kujenga hapa. Mashine moja ya Bakari iliibwa stoo. Kosme alikuwa ametoka kuitengeneza na alijua ufunguo unapowekwa. Bakari akamshuku. Kabla ya kwenda polisi alikwenda kwa Shehe Abdala, baba yangu mdogo, akasomewa Halbadiri. Majina ya watu wa Badri yakasomwa, na aliyeiba akaachiwa Mungu. Haukupita muda, mkono wa kulia wa Kosme ukavimba hadi vidole havikunjiki. Mji ukamaliza kesi siku hiyo. Polisi walipomleta kwetu, watu walikuja kusikia atafungwa muda gani, si kama atafungwa.

Niseme wazi: mimi mwenyewe naamini Halbadiri. Nilipouona ule mkono pale kizimbani nilimwogopa Kosme.

Hakimu alikuwa mwanamke, tulimwita Dotora, kama wasomi wanavyoitwa kwa Kireno. Akawauliza mashahidi nani alimwona Kosme na mashine. Wa kwanza akasimama, akaapa kwa heshima yake, akasema, "Nkono wake umevimba." Wa pili, "Nkono huo hapo, mwone mwenyewe." Dotora akanigeukia na kuniuliza mkono una habari gani. Nikamweleza Halbadiri ni nini, kwa kirefu, bila kuipunguza wala kuiongezea chumvi. Akaandika, akauliza tena: nani alimwona na mashine? Macho yote yakarudi kwenye mkono.

Kisha akasimama katekista wa parokia, aliyekuja kumtetea Kosme akiwa na Biblia kwapani. Akataka kuiweka mezani. Senyori Anselmo, aliyekuwa amebakiza mwaka mmoja wa kazi, akanyoosha mkono juu ya meza kama mtu anayefukuza nzi. Katekista akabaki nayo kwapani. Akasema, "Huyu anapokea komunyo kila Jumapili. Ntu wa komunyo haibi." Nikaitafsiri hiyo nayo, kwa sauti ileile niliyoutafsiria mkono. Dotora akamuuliza kama usiku wa wizi alikuwa na Kosme. Hakuwa naye. Basi, akaambiwa akae.

Hapo Bakari akaomba ruhusa. Alisema kwa upole, na ndiyo maana ombi lake lilikuwa gumu. Alitaka Halbadiri isomwe palepale tribunali, mbele ya serikali na watu wote, Kosme akiwa amesimama katikati. "Kama hana kosa, anaogopa nini? Akikataa, si amejibu?" Watu wakaitika. Dotora akaahirisha kesi. Mkuu mmoja wa wilaya alimshauri akubali, mji utulie, kwani kusoma kunamdhuru nani.

Alasiri hiyo baba mdogo akaja kwangu. Alikuwa ndiye aliyenifunza alifu na bee, na sikuwahi kumpinga kwa neno.

"Mwanangu Zena," akasema, "watu wanasema unaitoa dini nje ya mlango."

"Siitoi nje, baba mdogo. Naiacha kwako."

"Kwangu ni wapi na tribunali ni wapi? Mungu mmoja."

"Mungu mmoja, hakimu mwingine. Leo akiruhusu usome pale, kesho ataamua kama umesoma sawasawa. Atakuita ueleze kwa nini nkono umevimba nusu tu. Dotora hajui hata kutawadha. Utakubali yeye aseme Halbadiri yako imekubaliwa au imekataliwa, akaandika, akagonga muhuri?"

 Akaomba maji, akanywa yote. Alipoinuka aliniambia tu, "Muhuri siutaki," akavaa viatu.

Asubuhi yake Dotora aliniita chumbani kwake pamoja na Senyori Anselmo. Akaniuliza kama mtu wa hapa, si kama mkalimani, afanye nini. Mzee akanitazama, wala hakunisaidia. Nikasema: "Kosme akikataa kusimama atahukumiwa kwa dini isiyo yake. Akikubali, atahukumiwa kwa dini isiyo yake. Mimi ninayeiamini naomba isisomwe hapa." 

Haikusomwa. Hakuna aliyemwona Kosme na mashine, na akaachiwa.

Mnaosubiri niwaambie mwizi alikuwa nani, mtangoja sana. Mashine haikupatikana, na hadi leo sijui nani aliiba. Huenda ni Kosme. Nilitembea na wazo hilo miaka mingi, na msipoweza kutembea nalo kazi hii itawashinda. Mjini tuliitwa watetezi wa wezi. Wanawake niliosali nao walisogea nikikaa. Wavuvi hawakumpelekea Kosme mashine tena, akabaki kutengeneza jenereta ya kituo cha afya, ambayo ilikuwa ya serikali na haikusikiliza maneno ya watu. Yeye na Bakari waliacha kusalimiana. Senyori Anselmo alipokuwa akiondoka aliniachia kiti chake na ile kalenda.

Kisha ikaja miaka ya kukimbia. Sitaieleza, mliokuwapo mnaijua. Nitasema moja tu. Walioingia mji wetu na bunduki walichoma tribunali wakisema hakuna hukumu ila ya Mungu, na kwamba wao ndio watakaotuambia Mungu kasema nini. Baba mdogo hakukimbia. Aliwaambia hawajui dini. Sisi tulikuwa njiani kwenda Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, hatukumzika. Kila nikimkumbuka namkumbuka akinywa yale maji na kusema muhuri hautaki. Tangu siku ile sikuona tena kwamba nalinda utaratibu wa ofisi. Niliona nalinda kaburi lake.

Tuliporudi, tribunali ilikuwa kuta bila paa. Hakimu mpya, kijana mwenye haraka njema, alitaka kuanza mara moja. Parokia ikatoa ukumbi wake, wenye mabenchi na taa za jua. Madrasa ikatoa darasa lake, lililopakwa chokaa upya. Wote walitoa kwa moyo safi. Hakimu akafurahi, akachagua ukumbi kwa sababu ya mabenchi.

"Dotoro," nikamwambia, "atakayeshindwa kesi chini ya msalaba atasema kashindwa na msalaba."

"Basi twende madrasa."

"Atakayeshindwa huko atasema vilevile, kwa upande wa pili."

"Twende wapi, Dona Zena? Chini ya jua?"

Nikampeleka kwenye banda la samaki. Lilikuwa la manispaa, lina paa, lina meza ya saruji na moja ya mbao, na halikuwa na mtu kwa sababu barafu haikuwa imerudi mjini. Alisimama mlangoni na leso puani. Nikamweleza kwamba harufu ile haina dini. Akacheka, na nikajua nimeshinda. Tulisugua ile meza ya mbao kwa majivu na ndimu. Alama za visu hazikutoka, ndizo mnazoziona leo. Kwa muda mrefu majalada yetu yalinuka changu, na paka walihudhuria kila kesi.

Kesi iliyojaza banda ilikuwa ya Bakari. Walioondoa vifusi vya stoo yake walikuta, chini ya nyavu kuukuu, zile sahani za umeme wa jua za kituo cha afya zilizotoweka siku mji ulipokimbia. Akashitakiwa kuficha mali ya wizi. Kizimbani alikuwa amekonda, ndevu zimejaa mvi. Mashahidi wakaanza, na masikio yangu yakasimama, kwani niliujua wimbo. Jirani mmoja, mtu wa Mbau, akasema, "Siku hizi suruali yake fupi." Mwingine akasema anafunga mikono tofauti akisali. Hawakutamka neno mashababi, jina tulilowaita wale wa bunduki. Halikuhitajika.

Hakimu akauliza nani alimwona akichukua zile sahani. Macho yote yakarudi kwenye suruali.

Mzee mmoja nyuma akapaza sauti: "Huyo ni ntu wa Halbadiri, hawezi kuwa mwenzao." Hakimu akanigeukia. Na hapa ndipo nilipopata shida kuliko mara ya kwanza, kwa sababu mzee alisema kweli. Wale watu wa bunduki wanaichukia Halbadiri, na neno langu moja lingeweza kumwokoa Bakari. Nikaeleza Halbadiri ni nini, kama nilivyomweleza Dotora. Hakimu akangoja. Nikaongeza: "Niliyotafsiri ni dini yake, Dotoro. Suruali nayo ilikuwa dini yake. Kama moja haiingii, na nyingine isiingie." Bakari, ambaye Kireno anakisikia kidogo, alinitazama kwa mshangao na uchungu. Sikumlaumu.

"Niletewe nsahafu niape," akasema.

Nikawa kinywa chake, nikalisema kwa Kireno, na nikawa kinywa cha hakimu, nikamjibu: "Utaapa kwa heshima yako, kama wote."

 Kisha akaeleza. Siku ya kukimbia, muuguzi wa kituo alimsimamisha akamwomba aziokoe zile sahani, kwani yeye alikuwa na mkokoteni. Akazificha. Muuguzi amekufa huko ukimbizini. Hakimu akamuuliza nani mwingine anajua. Bakari akatazama chini, kwenye saruji.

"Kosme," akasema.

Hati ya wito niliipeleka mwenyewe, ingawa haikuwa kazi yangu tena kusafiri. Kosme alikuwa Awasse, pale njia panda, chini ya turubai, akitengeneza pikipiki.

"Dona Zena," akasema bila kuinuka. "Kafa nani?"

"Hajafa ntu. Unaitwa ushahidi."

"Wa nani?"

"Wa Bakari."

Akafuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja. "Aliyenisomea?"

"Huyo."

"Na mimi nikamsomee nini?"

"Hutamsomea kitu. Utasema ulichokiona."

"Na wakiniuliza kama anasali na wale wa bunduki?"

"Hutaulizwa. Siku ile umesimama wewe, kuna aliyeruhusiwa kukusomea?"

Akaifunika pikipiki. Kisha akaniomba nigeuke avae shati.

Bandani hakuwa na Biblia, na katekista hakuja. Akanyoosha mkono wa kulia, uleule, nami nikasema pamoja naye kwa Kireno: mimi, kwa heshima yangu. Mimi ndiye niliyezifungua zile sahani paani, kwa spana yangu, muuguzi akiniambia niharakishe. Mimi nilizishusha, na huyu akazipokea chini. Tulizipakia pamoja. Hatukusemezana. Akazisukuma kuelekea stoo yake, mimi nikakimbilia bara. Hakimu akamuuliza kama ana ugomvi na mshitakiwa. "Ninao," akasema. "Lakini huo si wa leo." Sijawahi kutafsiri jibu lililonipendeza kama hilo.

Bakari akaachiwa. Walitoka kwa milango miwili tofauti, nami nikahisi huzuni, nikajikumbusha kwamba tribunali haipatanishi watu kwa nguvu.

Sasa nyinyi mmejengewa paa, na nasikia kuna anayetaka kufungua vikao kwa dua fupi, ya kila upande, ili asionewe mtu. Mwambieni hapana. Mwambieni kwa upole, akiwa shehe mpeni kiti, akiwa padre mpeni maji, lakini mwambieni hapana. Msingoje barua kutoka juu na msiogope kuitwa makafiri, nimeitwa na nimerudi nyumbani nikasali. Mezani acheni alama za visu peke yake.

Juma moja baada ya kesi, nilimwona Bakari akipakia mashine ya boti kwenye gari, iliyoliwa na kutu tangu tukimbie. Nikamuuliza anaipeleka wapi.

"Awasse."

"Mafundi wa hapa wamekwisha?"

"Wapo," akasema, akaendelea kufunga kamba.

Dereva aliniambia yaliyofuata. Kosme aliitazama ile mashine, akamtazama mwenyewe, hakumkaribisha wala hakumfukuza. Akaanza kuifungua. Bakari akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mtu mzima mwenye boti mbili, akamshikia spana siku nzima.